Sauti ya Ziada Kwenye Kamba

Mpishi wa loji alikuwa na wivu mpaka wafanyakazi wenzake wakambandika jina la Mpelelezi. Mumewe alikuwa mwongozaji, kazi yake kuwapandisha wageni kwenye barafu kuu iliyolala mlimani juu ya loji, na kila aliporudi, mkewe alimkagua kuanzia kofia hadi soksi. Kwa hiyo jioni ile alipochukua chupa ya chai ya mumewe aioshe, pua ilitangulia mkono. Chupa ilinukia asumini. Akaifungua. Chai aliyoijaza asubuhi ikitokota ilikuwa imeganda humo ndani, bonge moja la kahawia, na kwenye kifuniko palikuwa na alama ya midomo. Midomo myembamba, si ya mumewe.

"Umekunywa na nani?"

"Na nani tena, Bosi? Wageni wa leo walikuwa wazee wawili, mmoja ana ndevu kama ufagio."

"Na hii asumini ni ya mwenye ndevu?"

Mume akacheka. Mpishi hakucheka hata kidogo. Kule juu hakuoti jani, sembuse asumini.

Tangu hapo koti la mumewe likakataa kukauka, hata likitundikwa juu ya jiko. Alfajiri mpishi aliamka akakuta katikati ya kitanda, baina yake na mumewe, pamebonyea mfano wa mtu, shuka imelowa na ni baridi ya kuuma. Akamtukana mumewe mpaka jua likapanda. Moyoni alikuwa anaungua. Mwanamke gani huyo asiye na haya, wa kuingia mpaka kitandani kwa watu?

Kisha siku moja, mchana kweupe, akimenya viazi jikoni, alisikia mwanamke anacheka chumbani kwao. Akashika kisu vizuri, akanyata ukutani, na kadiri alivyosogea ndivyo baridi ilivyozidi kumpanda miguuni, na harufu ya asumini ikawa nzito kooni, na kile kicheko kikawa si kigeni kwake, kile kikwaruzo cha mwishoni, kile kikohozi kidogo, mpaka alipofika mlangoni akajua anasikia kicheko chake mwenyewe.

Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa peke yake, anafunga viatu.

"Umesahau nini tena?" mume akauliza. "Si umetoka hapa sasa hivi?"

Kisu kikamponyoka.

Walikwenda kwa shangazi yake mume, mtunza mablanketi wa loji, ambaye ndiye watu wa pale walimkimbilia mambo ya majini yalipowashinda. Shangazi akamtazama mpwa wake bila kuacha kukunja blanketi.

"Ulisema nini huko juu?"

Mume akajikuna kichwa. Ukungu ukishuka, alieleza kwa sauti ndogo, mwongozaji anaita, na kila aliyefungwa kwenye kamba anajibu "nipo" kwa zamu yake. "Siku ile wazee wote wawili walishajibu. Nikasikia 'nipo' nyingine, ya kike. Nikadhani mzee ananitania. Na mimi nikamtania: 'Karibu, mke wangu, kaza kamba.'"

Blanketi likamtoka shangazi mikononi.

"Sauti ya ziada haijibiwi! Nani asiyejua hilo? Na wewe umeijibu kwa ndoa!"

"Kwa hiyo nina mke mwenza?" mpishi akanong'ona.

"Unaye, na kwa wivu amekuzidi. Hataki zamu. Anataka nafasi yako yote."

Akawapa la kufanya. Wapande wawili tu, ukungu ukiwepo. Mume avae kamba, mkia wa kamba auache uburuzike nyuma kuelekea kwenye ufa wa barafu, jini ataushika. Mke ashike mkanda wa koti la mumewe, na asitoe sauti hata iweje. Mume aite. Atakayejibu "nipo", ndiye. Kata kamba, shukeni, msigeuke.

"Na wewe mwanangu," akamwambia mpishi, "wivu ni kidonda. Huko usiende nao."

Wakapanda. Ukungu ulikuwa mzito hata mpishi hakuuona mgongo wa mumewe, mkanda tu mkononi mwake. Barafu ililia chini ya viatu. Nyuma yao kamba ikakazika.

"Upo?" mume akaita.

Akapiga hatua mbili, akaita tena.

"Upo?"

Badala ya jibu, asumini ikamfikia mpishi sikioni, na ndani yake sauti, sauti yake mwenyewe, ikimnong'oneza taratibu kwamba kovu la mumewe lililo chini ya titi yeye analijua, na lile jina ambalo mume humwita mkewe taa zikizimwa ameshaitwa nalo, na kwamba mume, masikini, hakuona tofauti ila kusema siku hizi umekuwa mtamu, na mpishi akauma midomo, akauma mpaka damu, na sauti ikacheka kile kicheko chenye kikohozi, na mkono wa mpishi ukauachia mkanda kabla hajaamua, akageuka, akaidaka kamba na kuivuta kwa nguvu zote amfikie huyo malaya amkwangue uso.

"Nipo!" akapiga kelele. "Mkewe ni mimi! Nipo mimi!"

Kisu cha mume kikapita kwenye kamba.

Mume alisikia kitu kikiteleza, kikikwaruza, kikiita, kisha ufa ukameza. Akanyoosha mkono nyuma. Mkanda wa koti ulikuwa umeshikwa imara.

"Tumemaliza, Bosi," akasema huku analia. "Twende nyumbani."

Hakujibiwa, kama walivyoagizwa. Wakashuka.

Siku hizi mwongozaji ananenepa. Mkewe hamkagui tena, haulizi soksi wala harufu, na wafanyakazi wameliacha lile jina la Mpelelezi. Shangazi peke yake ndiye asiyekula chakula cha jikoni. Amegundua kwamba chai ya mpishi, hata ikitoka motoni, haitoi moshi. Hajamwambia mtu.

Na ukungu ukishuka kule juu, mwongozaji huita wageni wake, nao hujibu mmoja mmoja. Mgeni wa mwisho akishajibu, chini ya barafu hutoka sauti iliyokauka: "Nipo! Mkeo ni mimi!"

Mwongozaji huisikia vizuri. Hukaza kamba, akaongeza mwendo. Ameshafundishwa, sauti ya ziada haijibiwi.