Samaki wa Mama Pindo Hawaendi Popote

Mama Pindo alikuwa mbishi, na hakuona haja ya kulificha hilo. Ukimpelekea suruali ifupishwe, naye akaona haifai kufupishwa, mtabishana mpaka mmoja wenu achoke. Kwa kawaida aliyechoka alikuwa mteja. Lakini mapindo yake yalinyooka na hayakufumuka, na ndiyo yaliyompa jina. Watu walinung'unika, wakaenda zao, kisha wakarudi na kitambaa kingine.

Alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Ukutani zilining'inia nguo zilizokuwa zikiwasubiri wenyewe. Pembeni ya cherehani, juu ya meza ya mbao, palikuwa na tangi la kioo. Ndani yake samaki wadogo, wengine wekundu, wengine wa rangi ya fedha, walipishana kutwa nzima.

Tangi hilo liliingia nyumbani kwa vita. Kwa miaka mingi Mama Pindo aliwanunulia wengine: mumewe, binti yake, hata wifi yake. Yeye hakuwahi kujinunulia kitu cha kumfurahisha tu. Siku alipolileta tangi, mumewe, ambaye ni dereva wa lori, alicheka akasema samaki hao hawajazi hata kijiko. Wifi yake, dada wa mumewe, hakucheka.

"Mtu mzima unafuga samaki usiowala?"

"Mbona wewe unavaa hereni usizozila?" Mama Pindo alimjibu.

Vita vikaishia hapo, au tuseme vilipumzika. Binti yao, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga, aliwapa samaki chakula kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Baba yake, akiwa hayuko safarini, alibadilisha maji. Alitumbukiza mpira wa maji tangini, akavuta kwa mdomo mpaka maji yaanze kutiririka, akatema, akayamwaga kwenye sinki la jikoni. Mama Pindo alisugua ukoga kwenye kioo kwa mikono mitupu.

Sasa, fundi cherehani huchomwa sindano. Hakuna fundi asiyechomwa. Mama Pindo alikuwa na dawa yake mwenyewe. Akichomwa, alitumbukiza kidole tangini. Maji yalimpoza. Samaki walikuja wakamdonoadonoa ngozi iliyokufa, naye akacheka peke yake. Aliwaita madaktari wake. Hapo ndipo alipokosea, na nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba ni kosa.

Kilianza kipele kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hakikuuma sana. Baada ya wiki kadhaa kikawa kivimbe cha rangi ya zambarau, kikapasuka, kikawa kidonda. Mama Pindo akanunua dawa ya kupaka. Kidonda kikaitazama dawa hiyo na kuidharau. Akaenda zahanati. Wakamuuliza amejichoma na nini, akajibu sindano. Huo ulikuwa ukweli. Wakampa vidonge, akavimaliza, kidonda kikabaki. Wakampa vingine. Kidonda kikabaki vilevile, na kivimbe cha pili kikachomoza nyuma ya kiganja.

Kidole cha shahada ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Cha Mama Pindo kilikuwa kigumu, hakikunjiki. Siku moja mteja alirudisha gauni kwa sababu pindo limekwenda upande. Halijawahi kutokea jambo kama hilo. Mama Pindo hakubisha. Alilifumua pindo lote, akalishona upya huku machozi yanamtoka. Aliogopa kwamba kidole kitakatwa, na kwamba akikipoteza atapoteza kazi aliyoipenda kuliko kitu kingine chochote.

Wifi yake alikuwa na maelezo yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kuna mtu anakuonea wivu."

"Nguo nazishona mwenyewe," alisema Mama Pindo. "Humo ndani hamna mtu."

Wifi hakukata tamaa. Kama si mtu, basi ni samaki. Tangu waje, nyumba haina heri. Ni mkosi. Akatoka akisema atalimaliza jambo hilo yeye mwenyewe. Siku ya pili akaja na ndoo.

Siku hiyohiyo alikuwa amekuja jirani mmoja kuchukua sare yake ya kazi. Alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Sista. Alikaa kwenye kiti akisubiri pindo la mwisho. Alimwona wifi akiingia na ndoo, akamsikia akisema samaki wanaenda mtaroni leo, watake wasitake. Mama Pindo hakuinua hata kichwa.

"Wifi, nakuheshimu," alisema. "Lakini ukiligusa tangi langu, hiyo ndoo utaivaa."

Hasira na kidole kigumu havishoni pamoja. Sindano ikamchoma. Bila kufikiri, kama alivyozoea, Mama Pindo akatumbukiza mkono tangini. Samaki wakaja mbio. Sista akasimama.

"Toa mkono," alisema. "Mama Pindo, huwa unafanya hivyo mara nyingi?"

"Kila nikichomwa. Hawa ndio madaktari wangu."

Sista akamshika mkono, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akakitazama kidonda, kisha kivimbe cha pili. Akauliza kama zahanati wanajua habari za samaki. Mama Pindo akasema hawajui. Hawakumuuliza, na yeye angeanzia wapi kuwaambia? Nani anakwenda hospitali kusimulia habari za samaki?

"Sikiliza," Sista alisema. "Maji ya tangi yana vijidudu, hata yakiwa yanang'aa. Kipo kimoja kinachopenda kuingia mahali ngozi ilipopasuka. Mchubuko unatosha, tundu la sindano linatosha. Kinakaa mikononi na miguuni kwa sababu huko mwili una ubaridi kidogo. Kinakwenda polepole. Unaweza kujichoma leo, kipele kikatokea mwezi ujao, ukawa umeshasahau. Na vidonge vya kidonda cha kawaida havikiwezi."

"Kwa hiyo ni hicho?"

"Sijui. Macho yangu hayapimi. Hospitali watapima, lakini lazima wajue cha kutafuta. Uwaambie kuhusu samaki kabla hawajakuuliza."

Wifi alikuwa ameshainua ndoo. "Si nilisema mimi? Samaki!"

Mama Pindo akasimama katikati ya wifi na tangi. Mkono wake bado ulikuwa unadondosha maji.

"Umesema mkosi," alisema. "Sista anasema kijidudu. Mkosi na kijidudu si ndugu. Aliyetia kidonda majini ni nani? Ni mimi. Samaki hawakuja kunifuata kwenye cherehani. Kosa nifanye mimi, wahukumiwe wao? Hawaendi popote."

Wifi akamgeukia Sista ili amsaidie. Sista akasema tu kwamba samaki wa tangini hawamwagwi mtaroni wala mtoni, na kwamba hata wakiondoka leo, kidole hakitapona kwa kuondoka kwao. Kidole kinataka hospitali. Wifi akaondoka na ndoo yake tupu, akisema watu wa siku hizi hawaambiliki.

Kesho yake Mama Pindo akaenda hospitali kubwa. Mapokezi wakamtazama kidole, wakamwambia aende chumba cha kufunga vidonda. Akakataa. Akasema kidonda chake kimefungwa vya kutosha, sasa anataka kipimwe. Wakamwambia daktari wa ngozi amejaza wagonjwa, arudi siku nyingine. Akasema siku nyingine ndiyo hii. Wakamwambia atakaa sana. Akajibu kwamba kazi yake ni ya kukaa, amezoea, akaketi kwenye benchi linalotazama mlango wa daktari.

Alikaa. Wagonjwa wakaingia na kutoka. Mfanyakazi akapiga deki chini ya miguu yake, naye akaiinua, kisha akaishusha. Mwishoni daktari wa ngozi, mwanamke mwenye miwani, akatoka kwenda kunywa chai. Mama Pindo akainuka na kumzibia njia kwa adabu zote.

"Daktari, shikamoo. Mimi ninafuga samaki."

Wale wa mapokezi wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alikishika kile kidole, akakigeuza, akasahau chai. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza: ana samaki tangu lini, anasafisha tangi kwa mikono mitupu, kivimbe cha pili kilitokea baada ya muda gani. Kisha akamwingiza ndani, akatia ganzi, akakata kipande kidogo cha nyama ya kidonda. Akawaandikia watu wa maabara wakitafute kijidudu cha maji ya samaki, kwa sababu hicho hakioti haraka na hakioti kwenye joto lile la kawaida la vipimo vyao. Asipowaambia, wanaweza kusema hawajaona kitu.

Majibu yalichelewa, kisha yakaja. Kilikuwa chenyewe. Daktari akamweleza kwamba kijidudu hicho ni cha ukoo wa kile cha kifua kikuu, ila yeye hana kifua kikuu, na ugonjwa wake hauambukizi watu wa nyumbani kwa kukaa nao wala kula nao. Kidole hakitakatwa. Atatumia dawa za aina mbili kwa miezi, si kwa siku. Moja ya dawa hizo inaweza kudhuru macho, kwa hiyo akiona yanafifia arudi mara moja. Na hata kidonda kikifunga, dawa haziachwi mpaka daktari aseme.

Mama Pindo alilia pale pale mbele ya daktari. Kidole kinabaki. Hilo ndilo neno pekee alilorudi nalo njiani.

Nyumbani akaitisha mkutano. Alimwita na Sista, ili asibishiwe. Sista akawaonyesha namna ya kufanya. Kwanza, mwenye jeraha mkononi, hata dogo, haingizi mkono tangini. Akipona, anavaa glavu ndefu zisizopitisha maji, na akitoka ananawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Tangi lina ndoo yake na sifongo yake, na vitu hivyo haviingii jikoni. Maji machafu yanamwagwa chooni, si kwenye sinki la vyombo. Mtoto anatia chakula kwa kijiko, kisha ananawa. Mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu awaachie wengine kazi hiyo kabisa.

Baba Chiriku alikubali yote isipokuwa moja. Alikataa kuacha kuvuta maji kwa mdomo. "Miaka yote hii nimevuta dizeli kwa mdomo," alisema, "leo maji ndiyo yanishinde?"

"Dizeli nayo tutaizungumza," alisema mkewe. "Maji hayo samaki wanayanyea. Ukiyameza, tumbo litakuendesha, na lori halina choo."

Chiriku alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Kabla ya safari yake iliyofuata, baba yake alileta pampu ndogo ya kubinya kwa mkono.

Dawa hazikuwa rahisi. Zilimchafua tumbo na kumwondolea hamu ya kula. Kivimbe cha pili kikanywea, kidonda kikafunga, na kila aliyemwona akasema basi, umepona, achana nazo. Wifi ndiye aliyesema zaidi kuliko wote. Kuna asubuhi Mama Pindo mwenyewe aliishika pakiti akitaka kuitupa. Siku hiyo alibishana na nafsi yake, na kama kawaida yake, akashinda. Akameza vidonge, akarudi kwenye cherehani. Hakuacha mpaka daktari alipomwambia imetosha.

Kidole kikabaki na kovu. Mwanzoni kilikuwa kizito asubuhi, kisha kikazoea. Yule mteja wa gauni alileta kitambaa cha gauni jingine, akataka pindo pana. Mama Pindo akasema pindo pana halimfai. Wakabishana. Wateja waliokuwa wakisubiri wakafurahi kuona kwamba fundi wao amerudi.

Wifi naye alianza kuja mara kwa mara. Alisema anapumzisha miguu, ila kiti alichokichagua siku zote ni kile kilicho mbele ya tangi. Siku moja Mama Pindo alikuwa akikata kitambaa, akamwona amekunja mkono wa gauni, mkono tayari uko juu ya maji. Kwenye dole gumba alikuwa na plasta. Kisu cha kitunguu kilimpitia jana.

Mama Pindo akamdaka kifundo cha mkono.

"Wifi. Kidonda hakiingii."

"Lile jiwe limekaa vibaya," wifi alisema bila kumtazama. "Yule mwekundu hapati pa kupita."

"Kwa hiyo umeanza kuwapenda?"

"Nani kakwambia nawapenda? Nimesema jiwe limekaa vibaya."

Mama Pindo akavaa glavu zake, akaingiza mkono majini. Kidole cha shahada kikajikunja vizuri, kikalikamata jiwe. Wifi akamwambia alisogeze nyuma. Mama Pindo akaona likae mbele. Yule samaki mwekundu alipita zake chini ya jiwe wakiwa bado wanabishana.