Chiriku, Mbahili wa Maneno

Kila siku baada ya shule, msichana aliyejulikana mtaani kwa jina la Chiriku aliingia dukani kwa mama yake kwa mlango wa nyuma, akatundika mkoba kwenye msumari, akaanza kuzungumza. Mama yake alikuwa dobi. Mashine zilinguruma, pasi ilifuka mvuke, na Chiriku alisimulia yote ya darasani bila kumeza mate. Jina lile hakupewa bure.

Mwaka huo mjomba wake, fundi wa kompyuta, aliweka dukani programu ya akili mnemba, wakaiita Msaidizi. Msaidizi alisoma ujumbe wa mteja, akaamua la kufanya, kisha akachapa lebo ya kumwelekeza mpiga pasi aiweke nguo wapi. Kila kazi aliyoweza kuifanya iliitwa zana, na kila zana ilikuwa na maelezo yake. Mjomba alieleza kwamba Msaidizi hajui lolote kuhusu duka ila yale maelezo tu. Akampa Chiriku kazi ya kuyaandika, maana Kiswahili chake kilisifiwa shuleni, na akamsisitiza ayapime kabla hayajatumika.

Basi, ungedhani mtoto mwenye mdomo ule angejaza kurasa. Wapi! Wenzake walikuwa nje wanaruka kamba. Zana ya kumtayarishia mteja nguo zake aliiandikia "Huandaa nguo." Ile ya kugawa kwa kituo cha yatima nguo zilizoachwa dukani miezi mingi, aliiandikia "Hutoa nguo." Mjomba alipouliza kama ameyapima, alijibu kuwa ameyapima yote, huyoo akatoka mbio.

Alhamisi asubuhi muuguzi mmoja kijana alituma ujumbe: "Naomba mnitolee sare yangu, nitaipitia jioni." Kesho yake ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, na sare alikuwa nayo hiyo moja tu. Msaidizi alitafuta zana ya kutoa, akaiona. Mpiga pasi alibandika lebo kama alivyoelekezwa, sare ikaingia kwenye mfuko wa kituo, na mchana gari la kituo likauchukua.

Jioni muuguzi alipofika, sare ilitafutwa kwenye rafu, kwenye vitundikio, hata chini ya meza. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi akajiinamia, akasema polepole kwamba mkubwa wake alishamwonya: asiye na sare hapokelewi. Mpiga pasi akakumbuka lebo ile ya kituo. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, ni mimi," alisema. "Sikuyapima yale maelezo. Nilimdanganya mjomba."

Mama akawaambia waende kituoni wote watatu. Huko walimkuta mtoto mdogo amevaa sare, mikono yake ikining'inia hadi magotini, akiwapima wenzake homa kwa kijiti. Muuguzi, aliyekuwa karibu kulia, akacheka. Alipanga foleni, akapimwa homa kama wengine, ndipo akarudishiwa sare yake. Usiku huohuo mama aliifua na kuipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi mjomba alikuja, akaelezwa yote. Hakufoka. Alimwomba mama ajifanye hajawahi kuliona duka lile, achague zana kwa kusoma maelezo peke yake. Chiriku asimame pembeni, asitamke neno. Hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Mjomba alisoma ujumbe wa mteja aliyepewa shati la mwenzake, anaomba abadilishiwe. Mama alichagua "Hubadilisha." Chiriku akashindwa kujizuia.

"Siyo hiyo, mama! Hiyo ni ya kubadilisha siku ya kuchukua nguo, siyo nguo yenyewe."

"Umesema vizuri sana," mjomba akamwambia. "Sasa mbona hukuyaandika hayo?"

Chiriku alikaa akayaandika. Akaandika pia kwamba zana ya kugawa ni ya nguo zilizoachwa na wenyewe, na kwamba isitumike mteja anapoomba kutolewa nguo zake. Mama alipotaka kujaribu tena, Chiriku mwenyewe alimkatalia. Mama alishajua majibu, kwa hiyo hakufaa tena kupima.

Wakati huohuo muuguzi akaingia na sare yake chafu. Wakampa maelezo mapya na jumbe zilezile. Alichagua zana zote sawasawa, na Chiriku hakufungua mdomo hata mara moja.

"Umeona?" alisema mjomba. "Maelezo yako yatasomwa wewe haupo, huwezi kuyatetea. Kila ulipotamani kusema kitu, hapo ndipo maelezo yalipopungukiwa maneno. Na ukisema umepima, uwe umempa asiyejua ayasome."

Muuguzi aliweka sare yake mezani. "Haya, nikiihitaji Jumatatu, niwaambie mnitolee au mniandalie?"

"Sema unavyosema siku zote, dada," Chiriku alimjibu. "Kazi ya kueleweka ni yangu."