Jiwe Lililofuta Mdomo

Matone yalikuwa matano. Fundi aliyadondosha kwa ncha ya kidole juu ya jiwe jeupe, moja baada ya jingine, akamweleza mama mjamzito aliyesimama pembeni yake kwamba huo ndio mtihani wa jiwe lolote linalotaka kuwa kaunta. Unaliwekea maji, unakwenda zako kunywa chai, unarudi. Ukikuta matone yamekaa palepale, jiwe limeshiba, halina neno. Ukikuta madoa meusi, basi jiwe linakunywa, na jiwe la hivyo lazima lipakwe dawa ya kuziba, tabaka tatu, na kila mwaka lirudiwe, la sivyo kila kitakachomwagika juu yake kitaingia ndani na kukaa humo.

Walikunywa chai. Waliporudi hawakukuta matone wala madoa. Jiwe lilikuwa kavu, jeupe vilevile, na fundi, mtu aliyekula vumbi la karakana zaidi ya miaka ishirini, akalipapasa, akanusa vidole vyake.

"Hili linakunywa halafu linafuta mdomo," akasema. Akacheka kidogo, peke yake, kisha akamshauri achukue jingine.

Mama yule akatia pamba masikioni. Mumewe alimwita Inspekta, na jina lilimkaa, maana hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwake bila kukaguliwa juu na chini. Kwa ajili ya kaunta hiyo ya bafuni alikuwa ameburuza tumbo lake karakana baada ya karakana kwa miezi miwili. Mbao alizikataa kwa sababu zinaoza. Vigae alivikataa kwa sababu uchafu unajificha kwenye viungio. Granaiti nyeusi ilionyesha kila chembe ya poda, na mbao za kubandika plastiki zinavimba pembeni maji yakizipata. Alitaka jiwe pana, la kumfika kiunoni, ambapo angemlaza mtoto wake wa kwanza, amwogeshe na kumkanda mafuta bila kuvunja mgongo. Jiwe hili lilikuwa jeupe lenye mishipa ya kijivu, laini kama shavu, na akishakipenda kitu Inspekta huwa hashauriki tena.

Siku ya kulifunga, fundi akatoa kopo la dawa. Inspekta akauliza ndani yake mna nini, akasomewa, akakunja uso. Hataki kemikali mahali atakapolala mtoto wake uchi. Fundi akamwambia dawa ikikauka haina madhara, akamwambia tena, akamwambia na mara ya tatu, na mara zote tatu akajibiwa na mtu aliyesoma mambo kwenye simu usiku kucha. Hapo ndipo mimi ninapomkasirikia Inspekta, ingawa sina hakika kama ningekuwa na akili kumzidi. Fundi akafunga kopo lake, akasema mwenye nyumba ni yeye, akaondoka.

Mtoto akazaliwa, na alikuwa mnene hasa. Mapaja yalikuwa na mikunjo mitatu mitatu, vifundo vya mikono vimebanwa utadhani vimefungwa uzi. Baba yake akamwita Kibonge siku ileile, na hata muuguzi wa kliniki akaanza kumwita hivyo badala ya jina lililoandikwa kwenye kadi.

Jiwe nalo likawa sifa ya nyumba. Kila asubuhi Inspekta alimlaza Kibonge juu yake, akamwogesha, akampaka mafuta, na kila akimwinua alikuta jiwe kavu. Maji hayakubaki. Mafuta hayakubaki. Hata mtoto alipojikojolea, Inspekta aligeuka kuchukua kitambaa, na alipogeuka tena hapakuwa na cha kufuta. Aliwatangazia mashoga zake wote kwamba amepata jiwe linalojisafisha, na wawili wakaomba namba ya fundi. Tena pale juu Kibonge hakulia kamwe. Kitandani alilia, begani alilia, ila akilazwa juu ya jiwe alinyamaza, akageuza shavu, akalaza sikio lake hapo na kutulia, macho wazi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Jiwe huwa baridi. Hili, pale alipolazwa mtoto, lilikuwa vuguvugu hata kabla hajalazwa.

Mwezi wa nne mizani ya kliniki ilisema kilo sita na robo. Mwezi wa tatu ilikuwa imesema saba. Muuguzi akampima tena, akauliza kama maziwa yanatoka, na Inspekta karibu acheke, kwa kuwa yalikuwa yanatoka mpaka yanamlowesha. Mtoto akilia chumba cha pili tu, blauzi tayari imeshaharibika. Na Kibonge alinyonya kwa pupa. Wakapima damu, wakapima choo, daktari akasikiliza kifua, kila kitu kilikuwa sawasawa. Baada ya wiki tatu ilikuwa kilo tano na nusu. Mikunjo ya mapaja ikalegea, ikawa ngozi tupu, na baba yake akaacha kumwita Kibonge mbele za watu.

Wiki hiyohiyo Inspekta akaanza kusikia sauti bafuni. Ilikuja mchana, saa tisa hivi, nyumba ikiwa kimya na mtoto amelala kitandani. Ilikuwa sauti ya kumeza. Alidhani ni bomba, akainama chini ya sinki, akashika kila kiungio, yote makavu. Aliposimama sauti ikaja tena kutoka juu ya kaunta, taratibu, meza, pumzi, meza, pumzi, kama ile anayoisikia kila siku mtoto akiwa kifuani mwake, na hewa nzima ya bafu ilinuka maziwa. Akatoka kinyumenyume akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata jiwe lilikuwa na doa.

Lilikuwa la kwanza kuonekana juu yake, la rangi ya mafuta, mahali palepale pa mtoto. Inspekta alilisugua kwa sabuni, halikutoka. Akalisugua kwa limau, jambo ambalo fundi yeyote angemwambia asilithubutu, maana limau linalila jiwe jeupe, na jiwe likafifia mng'aro, lakini doa likakolea. Akarudi nyuma ndipo akaliona lote. Huku kulikuwa na mgongo. Huku makalio madogo mawili. Pembeni, kitu kilichofungua vidole.

Hakumwambia mtu. Alichukua futi ya kushonea, akalipima doa, akaandika nyuma ya kadi ya kliniki, na akaacha kumwogeshea mtoto pale. Alimwogeshea kwenye beseni chumbani. Haikusaidia kitu. Kila siku alilipima doa na kila siku lilikuwa limeongezeka kidogo, na siku ya tano, akiwa amepiga magoti na futi mkononi, aliona kwenye mapaja ya lile doa mikunjo, mitatu kulia na mitatu kushoto, na akaihesabu mara mbili kabla ya kukimbilia chumbani kumfunua mtoto wake, ambaye mapaja yake sasa hayakuwa na hata mmoja.

Ndipo akampigia fundi, na mumewe akakaa nyumbani siku hiyo, akinung'unika kwamba mtoto anahitaji daktari bingwa, siyo mkata mawe.

Fundi alivua viatu, akaingia bafuni. Kisha akalowesha kidole, akadondosha matone matano. Safari hii hapakuwa na haja ya kwenda kunywa chai. Yaliingia mbele ya macho yao, moja baada ya jingine, kila moja na sauti yake.

Alipoongea alinong'ona. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia yapo mawe yenye mwenyewe, jini aliyefungiwa chini ya ardhi miaka isiyohesabika bila tone, hajui kitu kingine zaidi ya kiu. Dawa ya kuziba ingemwacha alale. Bila dawa, kila kilichogusa jiwe kilikuwa chake.

"Livunje," akasema baba wa mtoto. Alikuwa ameacha kunung'unika.

"Siwezi kulivunja na hicho kilichomo." Fundi hakulitazama doa. "Tutalivuta. Mafuta yakiingia kwenye jiwe tunayavuta kwa unga wa udongo mweupe. Unakandikwa mbichi, unafunikwa, ukikauka unakuwa umenyonya kila kitu. Ila hauchagui, mama. Unavuta chochote utakachokikuta."

"Na mwanangu?" akauliza Inspekta.

"Jiwe likibaki tupu, hakuna wa kumnywa. Nisikilize lakini. Usiufunue kabla haujakauka. Usikie utakachosikia, usiufunue. Safari ile hukunisikiliza."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma, na fundi alikusudia yamchome.

Unga mweupe huwa anauchanganya na spiriti. Siku hiyo aliomba maziwa, kwa sababu ndiyo aliyoyazoea huyo wa ndani. Inspekta akajikamua kikombe kizima. Fundi akakanda, akalifunika doa lote kwa unene wa kidole, akatandaza nailoni, akabandika ukingo wote kwa gundi ya karatasi. Kesho saa sita mchana angerudi. Mlango ukafungwa, na Inspekta akaketi chini koridoni, mgongo wake ukiuzuia, mtoto mikononi.

Saa tisa sauti ya kumeza ilianza. Haikuwa taratibu tena, ilikuwa ya mtu anayepaliwa. Baadaye nailoni ikawa inapanda na kushuka, wakaisikia ikichakacha huko ndani. Halafu mtoto akalia.

Inspekta alimtazama Kibonge mikononi mwake. Kinywa chake kilikuwa wazi, uso umekunjamana kwa kilio, na hakikutoka chochote, wala pumzi, na kilio chenyewe kilikuwa nyuma ya mgongo wake, ng'ambo ya mlango, kile kilio cha kukatika katikati na kurudi juu ambacho mama angekitambua hata sokoni, na aliposema moyoni kwamba huyo ni jini, ni jini anayeiga, alihisi kifua kikijaa na kuuma na maziwa yakishuka yenyewe, yakilowesha blauzi, yakimdondokea mtoto wa mikononi usoni, na mtoto huyo akiyatazama tu yakidondoka, ametulia, bila kufumba macho.

"Fungua," mumewe akasema. Alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Inspekta, yule ni mtoto wetu. Nakuomba fungua."

"Mtoto wetu huyu hapa."

"Msikilize."

"Fundi amesema." Akakaza mgongo kwenye mlango. "Safari ile sikumsikiliza fundi, ona tulipofika. Safari hii simfungulii mtu."

Alikuwa analia na yeye. Kilio cha bafuni kilidumu mpaka jua likazama, kikawa kwikwi, kikawa pumzi, kikaisha, na pale kilipoisha ndipo Kibonge, mikononi mwake, akatoa sauti kwa mara ya kwanza tangu saa tisa.

Kesho yake unga ulikuwa umekauka na kupasukapasuka. Fundi aliukwangua kwa kibao, na chini yake jiwe lilikuwa jeupe, tupu, baridi. Alidondosha matone matano na wote watatu wakayatazama yakikaa palepale. Baba wa mtoto akashika ukuta kwa faraja. Unga wote uliingia kwenye mfuko mmoja mdogo. Ulikuja ukiwa na kilo mbili, fundi aliupima mwenyewe karakana. Sasa alipouinua mkono wake ulishuka, akaushika kwa miwili.

Mlangoni alimwomba Inspekta amshikie mfuko avae viatu. Mumewe alikuwa na mtoto, hivyo mikono ya Inspekta ilikuwa huru. Akaupokea. Mkono wa kushoto ukajikunja wenyewe, mfuko ukalala kwenye kiwiko, na kabla hajajua anachofanya alikuwa anaupembea. Fundi akauchukua haraka. Aliposhuka nao ngazi, maziwa yalimtoka Inspekta kwa wingi mpaka akalazimika kubadilisha nguo, na akajiambia ni uchovu.

Jioni fundi alipiga simu kuwatuliza. Ule unga ameumwaga kwenye msingi wa ukuta mpya nyuma ya karakana, na zege limeshamwagwa juu yake.

Kibonge akanenepa. Wiki tatu tu, kilo saba na nusu, muuguzi akapiga makofi. Mikunjo ikarudi mahali pake. Nyumba ikacheka tena, baba akalirudisha lile jina. Ni maziwa tu yaliyokuwa na ukaidi. Mtoto alilia na kifua hakikujibu. Ilimbidi ayakamue kwa mkono ndipo yatoke. Muuguzi alisema hutokea.

Asubuhi moja alikuwa amemwogesha chumbani, amemlaza kifudifudi kitandani, kikombe chake cha chai kikiwa pembeni. Alinyoosha mkono kuchukua taulo, kisha akaacha. Hakuhitaji taulo. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alilitumia kwa mtoto huyu, akashindwa.

Alichovya kidole kwenye beseni. Akadondosha matone matano juu ya mgongo ule mnene, moja baada ya jingine, akageuka ukutani, akanywa chai yake yote bila kuitazama.

Alipogeuka mgongo ulikuwa mkavu. Mtoto aliinua shingo, akamtazama bila kulia, na kwa kiganja chake kidogo akafuta mdomo. Inspekta alisimama pale, na mkono wake wa kushoto ukajikunja wenyewe, ukabaki hivyo hewani, mtupu, kwa kipimo kilekile cha ule mfuko wa unga uliolala sasa chini ya zege.