Pindo la Uzi wa Fedha

Saa 4:20 asubuhi

Walikaa watatu katika chumba cha nyuma cha dobi, mlango umefungwa, pasi bado ya moto. Kobe, mkubwa wao, alitandaza koti la bluu mezani.

"Litafungua?"

"Litafungua," alisema Sindano.

Alikuwa amelishona siku nne. Ndani ya pindo la mkono ulipita uzi uliopakwa madini ya fedha. Unapitisha umeme kama waya, unakunjika kama nguo. Uzi ule uliizunguka chipu ndogo kuliko punje ya mchele, na kila fundo alilipaka rangi ya kucha lisifumuke. Kwenye karakana waliyopanga kuiibia walishona fulana za kupima mapigo ya moyo, na wafanyakazi hawakubeba funguo. Waligusisha mkono wa koti mlangoni, basi.

"Saa saba wanakwenda kula," Kobe alisema. "Tunabeba maboksi ya uzi na fulana zilizo tayari. Dakika kumi. Breki, gari uchochoroni, injini isizimwe."

Breki, dereva, aliitikia kwa kichwa.

"Na yule mama msimamizi?" Breki aliuliza.

"Anakula nyumbani kwake," alisema Sindano. "Kila siku."

"Umejuaje?"

"Ni shangazi yangu."

Kobe alicheka. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Sindano aliangalia sakafu. Jumapili alikwenda kwa shangazi, akajitolea kumpigia pasi koti la kazi. Alilaza simu juu ya pindo ikanakili namba ya chipu, kisha akaligeuza, akahesabu mishono. Shangazi alikuwa jikoni akimkaangia mayai, akishukuru kwa sauti. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Mara mbili alimwombea kazi pale karakanani, mara mbili wakamkataa kwa kukosa cheti. Kobe hakuuliza cheti. Alimwita fundi.

Saa 7:06 mchana

Sindano alivaa koti na barakoa. Akagusisha mkono. Mlango ukalia tiki.

"Fundi," Kobe alinong'ona.

Sindano alifurahi. Baadaye hilo ndilo lingemtesa kuliko yote, kwamba pale mlangoni alifurahi.

Saa 7:09

Shangazi alikuwa kwenye meza ya mwisho. Leo hakwenda kula. Alikuwa akijaribu fulana mpya juu ya gauni lake, taa ndogo kifuani ikiwaka na kuzima kwa kila pigo la moyo.

Hakupiga kelele. Hakumtazama Kobe. Alitazama pindo la koti la Sindano.

"Mkono huu nimeufundisha mimi," alisema.

Kobe alimsukuma. Akaanguka kwa ubavu. Taa ikaenda mbio, ikaruka pigo, ikaruka tena.

"Mwache," alisema Sindano. "Maboksi yako pale. Tubebe, twende."

"Kakujua. Aliyekujua wewe katujua sote."

Kobe akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

Saa 7:11

Sindano alipiga magoti, akamlalia shangazi. Begani mwa fulana palikuwa na vifungo viwili vya chuma. Vikigusana, shangazi aliwahi kumweleza, ishara hufika kwa walinzi. Akavibana pamoja, hakuviachia.

King'ora kikalia.

Mkasi ulimchana mgongo. Nje, gari la Breki liliunguruma, likatokomea. Kobe alikimbilia uchochoroni akakuta walinzi wawili, gari hakuna.

Saa 7:40

Shangazi aliketi, daktari akimsikiliza kifua. Moyo ulikuwa umetulia. Askari alimwelekezea Sindano kalamu.

"Na huyu?"

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi alidakia. "Anafanya kazi hapa. Wamemkata akinikinga."

Askari akaandika. Aliamini.

Sindano hakuwahi kumsikia shangazi akisema uongo. Utotoni alifinywa sikio kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari. Sasa mama huyu alikuwa anadanganya serikali, macho ukutani.

"Si kweli," alisema Sindano. "Sifanyi kazi hapa. Mlango nimefungua mimi."

Kalamu ikasimama. Shangazi alijifunika uso kwa viganja.

"Ungenyamaza, mwanangu."

"Nimenyamaza tangu Jumapili, shangazi."

Askari akatoa pingu. Wafanyakazi walikuwa wanarudi kutoka kula, mmoja mmoja, wakimpa shangazi pole, wakiuliza huyu binti ni nani.

"Ni mwanangu," shangazi aliwaambia.