Mzee Thuwaini Si Mkaidi

Kila Jumamosi Turkiya hutoka Makorora na mkate wa kumimina, akaenda Pangani kumtazama baba yake, Mzee Thuwaini, kwenye makao ya wazee. Alimpeleka huko mzee alipoanza kusahau njia ya nyumbani. Watu walimsema mpaka wakachoka.

Jumamosi hiyo alimkuta kitandani. Mkeka wake wa kuswalia umetupwa juu ya kabati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mbona mkeka uko juu?"

Brightness, mhudumu wa zamu, akadakia. "Mzee wako mkaidi, dada. Tukimwinua akatawadhe, anatupiga. Kaacha swala, kaacha na kula. Uzee huo."

Uzee! Neno hilo limefunika uvivu wa watu wengi. Damu ilimchemka Turkiya. Baba yake aliyekuwa akifika msikitini kabla ya muadhini, leo aache swala kwa ukaidi?

"Mmemuuliza kama anaumwa?"

"Kila asubuhi. Anajibu alhamdulillahi."

"Hata akikata roho atajibu hivyo! Hiyo ni shukrani kwa Mola, si habari ya mwili wake!"

Kelele zikamleta Praxeda, muuguzi mpya aliyetokea Amani. Hakumtetea mwenzake. Alimwinua mzee taratibu, macho usoni pake. Mzee akakunja uso, akaguna, akalishika goti.

"Tazameni," Praxeda akasema. "Aliyepoteza kumbukumbu huenda asiseme naumwa. Uso husema. Hukataa kula, hulinda panapouma. Akipiga, huenda anajikinga. Mtazameni akijongea, si akilala tu. Kisha mguseni, mumuulize." Akaligusa goti. "Hapa panauma, mzee?"

"Panauma, mwanangu. Sana."

Turkiya akalia kwa hasira.

Daktari aliitwa, akalipima goti, akaandika dawa. Praxeda akaagiza mzee apewe kwa saa zake, asingojwe alalamike. Baada ya dawa atazamwe tena, na isipomsaidia daktari aambiwe.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa kitini. Ameswali adhuhuri kwa kukaa, na anadai chai ya pili. Turkiya alishukuru, lakini moyo haukupoa. Akakitazama kitanda cha pili, alipolala mzee mwingine.

"Na huyu?"

"Mzee Kristofa? Huyo mpole," Brightness akasema. "Hasumbui. Hata kugeuka hageuki."

Kusikia hivyo, Praxeda akaweka chini sinia la dawa. Akainama, akamgusa mzee kiunoni.

"Hapa panauma, babu?"

Mzee Kristofa akaukamata mkono wake, akaung'ang'ania. Machozi yakamtiririka.

"Nilidhani hamtaniuliza," akasema.