Pumzi za Mlimani

"Shoga, huyo binti kwenye gemu la Hamidu si sauti yako? Mbona anahema kitandani?"

Asma aliusoma ujumbe wa rafiki yake Evodia mara mbili. Hamidu alikuwa mchumba wake, na posa ilishapokelewa nyumbani Kondoa. Tangu wamalize chuo, kijana alikuwa akitengeneza gemu ambalo mchezaji anakuwa Mwanaidi, mwanamke anayemtafuta mumewe aliyepotea wakati wa njaa. Asma ndiye aliyempa Mwanaidi sauti. Kuhema kulirekodiwa kweli, lakini kwa ajili ya kupanda mlima.

Alimfuata Hamidu kwake Chimwaga bila kupiga simu.

Hamidu hakukana. Alieleza kwamba waliolijaribu gemu walilalamika ni la kitoto, halina mambo ya kikubwa. Ndipo akaongeza chumba, kitanda na mwanamume wa njiani, na sasa watu wanalipakua zaidi kuliko mwanzo.

"Limekuwa bora?" Asma aliuliza.

"Watu wazima wanalipenda."

"Basi lifungue, tusikilize wote."

Hamidu alibonyeza. Pumzi za Asma zilipojaa chumbani, aliinamia sakafu, kisha akapunguza sauti mpaka ikazima.

"Unaona haya mbele yangu mimi mwenye sauti," Asma alisema. "Pale Mwanaidi anapochagua ampe nani kibaba cha mwisho, mama yake au mtoto wa jirani, Evodia alilia. Yale ndiyo mambo ya kikubwa. Hiki kitanda kinabadilisha nini katika safari yake?"

"Hakibadilishi kitu."

"Kingekuwa na maana ningekusikiliza. Na bado ulipaswa kuniuliza."

Simu ya Asma ikaita. Alikuwa Halfani, kaka yake; bila shaka habari za gemu zilishamfikia. Asma aliitazama tu. Hamidu akaichukua.

"Shikamoo kaka, ni Hamidu. Sauti ni ya Asma, ila hakujua. Kosa ni langu."

Halfani akasema Jumamosi wafike Kondoa, baba anawataka wote wawili.

Siku ileile ya simu Hamidu alikifuta kipande kile cha kitanda. Hata hivyo, Jumamosi ndani ya basi la Kondoa Asma hakumsemesha. Aliwawaza majirani, akamuwaza baba yake akitoka msikitini huku watu wakinong'ona.

Mzee Hamza, baba yake Asma, hakupandisha sauti. Aliwakaribisha, akapokea shikamoo zao, kisha akauliza jambo moja tu.

"Binti yangu asingegundua, ungekifuta?"

Asma alifumba macho. Alijua uongo ulivyo mwepesi mahali kama pale.

"Nisingekifuta, baba," Hamidu alisema. "Nilikuwa nafurahia sifa."

Mzee akamgeukia Asma, akamwambia neno la mwisho ni lake.

Asma alimtazama Hamidu kwa mara ya kwanza tangu Chimwaga.

"Harusi isogezwe mpaka baada ya mavuno, baba," alisema. "Isivunjwe."