Kamba ya Kiti

Kila Ijumaa nikitoka shule nilifagia maranda katika karakana ya baba, nyuma ya nyumba yetu pale Kabeza. Ijumaa moja ya mwaka 1991 nilimkuta amekipindua kiti kikubwa cha sebuleni, miguu juu.

"Joselyne, mguu huu unacheza," alisema. "Uchomoe, ukwangue gundi ya zamani, utie mpya, kisha uufunge kwa kamba hii mpaka kesho. Usipige msumari! Mimi napeleka mlango Kanombe."

"Ndiyo, baba."

Kesho yake wageni wangekuja kumposa dada yangu Lillian, na kiti hicho kilimngoja mzee Mutabazi, msemaji wa upande wa mchumba. Lakini nje wenzangu walitaka kuruka, na kamba hawana. Jamani, si ninayo mimi? Nikaichukua, tukaruka mpaka jua likazama. Niliporudi nilipiga misumari miwili haraka haraka, nikaficha vichwa vyake kwa nta ya mshumaa. Kiti kikatulia. Nikajiona fundi kumpita baba, mjinga mimi!

Saa nne asubuhi wageni wakaingia. Mzee Mutabazi alitembelea fimbo, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika na haujapona vizuri. Alipoegemea kiti, nikasikia kri! Karibu niangushe sinia la fanta. Nikisema, nitamwaibisha baba mbele ya wakwe. Nikinyamaza, mzee ataanguka.

Akaanza kuinama.

"Mzee, usikae!" nikapiga kelele.

Mzee akasimama, akamgeukia baba. "Bwana Gakwaya, kiti mmeninyima. Na binti je, naye mmetunyima?"

Katika posa zetu maneno kama hayo huwa utani, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia nilimsikia dada Lillian akianza kulia.

"Si baba, ni mimi," nilisema, machozi yakinitoka. "Aliniambia nitie gundi na kufunga kamba. Mimi nikapiga misumari, nikaenda kuruka."

Baba aliuvuta mguu wa kiti. Ukabaki mkononi mwake.

Mzee Mutabazi aliutazama mguu ule, akautazama wake, kisha akaangua kicheko. "Mguu mbovu mmoja unanitosha! Hapa hatufichwi kitu. Nileteeni benchi, tuendelee na posa yetu."

Wageni walipoondoka, baba hakunipiga. Alinikabidhi patasi, nikakwangua gundi mpaka vidole vikauma.

"Kazi ya kulipua ingemvunja mzee wa watu," alisema. "Ukweli wako ndio uliomwokoa. Siku nyingine fanya kazi kama ulivyoagizwa, na ukikosea sema mapema, usingoje mgeni ainame. Haya, kaza kamba. Bado! Kaza."

Nikakaza. Wenzangu waliponiita tena kutoka nje, niliwajibu kwamba kamba iko kazini.